UHAKIKI WA MIONGOZO YA ZANA ZA KUSIMAMIA MITANDAO INAYOSOMWA NA MAWAKALA WA AKILI UNDE: MFANO WA MITANDAO MIDOGO YA KINONDONI NA TEMEKE

Nadharia ya Skopos iliyoasisiwa na Hans Vermeer mwaka 1978 inadai kwamba matini hupimwa kwa lengo lake na kwa hadhira inayokusudiwa. Watafiti wetu wameitumia kuhakiki tafsiri za matini nyingi, lakini mwongozo wa fundi wa mitandao haujapewa nafasi inayostahili. Sababu huenda ni kwamba mwongozo huonekana hauna fasihi ndani yake. Sasa mwongozo huo umepata msomaji mpya asiye binadamu, na kwa mantiki ya Vermeer, hadhira ikibadilika matini nayo haina budi kuhakikiwa upya.

Kwanza, istilahi yenyewe. Kwa mkazi wa Mbagala au Tandale, "wakala" ni mtu wa kutoa na kuweka fedha za simu, aliyeketi chini ya mwavuli. Katika makala hii ni programu inayopokea maagizo kwa lugha ya kawaida, ikasoma maelezo ya zana, kisha ikatekeleza amri bila kusimamiwa kila hatua. Itifaki ya Model Context Protocol, iliyotangazwa na kampuni ya Anthropic Novemba 2024, imeyafanya maelezo hayo kuwa sehemu rasmi ya zana: kila zana huja na jina, maelezo na umbo la data inayohitaji. Hivyo aya fupi ya maelezo si kiambatisho tena. Ndiyo anayoisoma wakala kabla ya kuamua.

Tuchukue ruta za MikroTik, ambazo zimezoeleka kwa vijana wanaouza intaneti ya vocha mitaani. Mwongozo wake unaeleza hali ya usalama: mabadiliko yote hutenguliwa iwapo mawasiliano yatakatika ghafla. Kwa fundi aliyeko Tegeta anayerekebisha ruta iliyoko Chamazi, hiyo ni nafuu ya nauli na ya nusu siku kwenye foleni. Hata hivyo, mwongozo huohuo unaeleza kwamba historia huhifadhi vitendo 100 tu vya karibuni. Vikizidi, hali ya usalama hujifunga na hakuna kinachotenguliwa. Binadamu ni nadra kufikia vitendo 100 kwa kikao kimoja. Wakala huvifikia upesi. Isitoshe, kwa miaka mingi msomaji ameelekezwa kuingia katika hali hiyo kwa kubonyeza Ctrl na X, agizo linalochukulia kwamba msomaji ana vidole. Kwa maoni ya mhakiki, hapa mwongozo hauna kosa la ukweli, umekosea hadhira.

Tatizo zito zaidi liko katika Kiswahili chenyewe, na hapa ndipo wataalamu wa lugha tunapohitajika. Mwenye mtandao akiandika "toa ile laini ya Mbagala", anataka nini? RouterOS hutofautisha *disable*, inayozima kipengele na kukiacha mahali pake, na *remove*, inayokifuta kabisa. "Toa" hubeba yote mawili, na katika "toa huduma" hugeuka kuwa kinyume chake. "Rejesha" ni hatari zaidi. Simu zilizotafsiriwa kwa Kiswahili zimetuzoesha kurejesha mipangilio ya kiwandani, yaani kufuta kila kitu. Lakini fundi anayesema "rejesha mipangilio" baada ya umeme kukatika mara nyingi anataka nakala rudufu ya jana. Kitenzi ni kimoja, matokeo yanapingana, na wateja wa mtaa mzima ndio watakaokosa mtandao.

Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, uliotoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, ulifanya kazi ya heshima ya kusanifu istilahi. Lakini istilahi zake zilikusudiwa mtu anayeitazama skrini: neno likiwa na utata, mahali lilipo kwenye menyu humfafanulia. Wakala hana menyu ya kumwongoza. Ana neno tupu.

Kuna pia maarifa ambayo hayamo katika mwongozo wowote wa mtengenezaji. Tarehe 12 Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, intaneti ilidorora nchini. Siku kama hiyo, kuwasha upya ruta ya Tandika hakusaidii chochote. Fundi hulijua hilo kwa kumpigia mwenzake wa Bunju na kusikia kwamba kwake ni vilevile. Wakala huliweza ikiwa tu limeandikwa.

Kwa hiyo mhakiki anapendekeza kila ingizo la zana litaje kitenzi kimoja kisicho na utata, matokeo ya amri, namna ya kuitengua, na dalili kwamba hitilafu haiko hapa. Kwa mfano: "Zima kiolesura: hukata wateja wote waliounganishwa nacho, mipangilio hubaki, hutenguliwa kwa 'washa kiolesura'. Usitumie kwenye kiolesura unachopitia wewe mwenyewe. Ikiwa na mitandao jirani haipatikani, usibadilishe chochote, mjulishe fundi."