Michezo yetu na watafiti wake: nani anauliza nini?

Mara hii tunaleta jambo ambalo wengine wataliona kama la watoto: kucheza. Mtafiti anayepanda Bijombo, kiisha kutembea kwa miguu toka Uvira hadi juu kwenye baridi, mara nyingi anafika na karatasi yenye maswali juu ya vita, ardhi, ng'ombe na asili ya watu. Ni maswali ya lazima, hatuyakatai. Lakini mzee akimaliza kujibu anarudia kisoro chake chini ya mti, vijana wanarudia mpira wao wa majani ya migomba na mifuko iliyofungwa kamba, na mtafiti anafunga daftari lake. Hapo njo tunaona kazi ilipaswa kuanza.

Sosiolojia ya michezo si elimu ya jana. Chama chake cha kimataifa kilianzishwa 1965. Mwaka 1986 Norbert Elias na Eric Dunning walitoa kitabu kizima juu ya michezo na mapumziko. Ila tukizisoma kazi kubwa za namna hii tukiwa huku milimani, tunakuta viatu ambavyo havitoshi mguu. Tuchukue Joffre Dumazedier, Mfaransa aliyeandika 1962 juu ya ustaarabu wa mapumziko. Kwake, mapumziko ni wakati ule mtu ametoka kazini, amemaliza na wajibu wa nyumba na jamaa, akabaki huru. Na wakati huo una kazi tatu: kupumzika, kujifurahisha, kujiendeleza. Ni sawa kwa mfanyakazi wa kiwanda anayesikia kengele ya saa kumi na moja. Lakini kijana mchungaji wa Bijombo anatoka kazini saa ngapi? Anachunga na anacheza humo humo. Ng'ombe wakitulia kwenye majani, yeye na wenzake wanarukaruka, wanapigana mieleka, wanashindana kurusha fimbo. Ng'ombe mmoja akielekea shamba la mtu, mchezo umekwisha. Mama naye anaimba akilima. Je, ule wimbo ni kazi ao ni raha? Mwanafunzi wa Bukavu anayenakili maana ya Dumazedier kwenye ukurasa wa kwanza wa memuari yake, kiisha akaja kutafuta mapumziko ya Bijombo kwa kipimo hicho, atasema hayapo. Kumbe yapo, kipimo njo hakiwezi kuyaona.

Hata maneno yanatuonya. Kwa Kiswahili tunacheza mpira, tunacheza ngoma, tunacheza karata: neno moja. Kwa Kinyarwanda, ndugu wa karibu wa Kinyamulenge, kucheza mchezo ni gukina, kucheza ngoma ni kubyina, na kucheza kisoro ni kubuguza, neno lake peke yake. Mtu anayeuliza kwa Kiswahili tu atapata jibu moja fasi ya majibu matatu. Na Kifuliiru, Kivira, Kinyindu na Kibembe vina hesabu zao, kila kimoja kiulizwe.

Kitabu kinachotugusa zaidi ni kile cha John Bale, Mwingereza, kilichotoka 2002, juu ya gusimbuka urukiramende, yaani kule kuruka juu kwa Wanyarwanda wa zamani. Mwaka 1907 Adolf Friedrich wa Mecklenburg, Mjerumani wa ukoo wa kifalme, alifika Nyanza kwa Mwami Musinga, na huko ikapigwa picha ambayo imezunguka dunia: mtu yuko hewani, anapita juu ya kijiti, na chini yake wamesimama Wazungu wawili, kofia kichwani. Ikaandikwa kwamba walifikia mita 2,50, wakati ambapo rekodi ya dunia haikuwa imefika mita mbili. Toka hapo Wazungu wakaanza kuota mabingwa wa Olimpiki.

Bale anafanya kazi nzuri ya kuivunja ndoto hiyo. Anaonyesha kwamba mrukaji aliondokea juu ya kitu kilichoinuka kidogo toka chini, kwa hiyo vipimo havilingani na vya Ulaya. Anaonyesha pia kwamba kule kuruka hakukuwa spoti ya kuandika rekodi hata kidogo. Mzungu ndiye aliyeleta mita na kamba ya kupimia, akaita riadha kitu ambacho kilikuwa na maana nyingine kwenye baraza la mwami. Na jambo kubwa zaidi: picha zile zilitumiwa kusema kwamba Watutsi ni watu wa namna nyingine, warefu, wageni, wa damu tofauti. Sisi wa milima hii tunajua neno kama hilo linamfikisha mtu wapi. Picha ya mchezo imeweza kuwa hati ya mashtaka. Kwa hiyo asituambie mtu kwamba utafiti wa michezo ni utafiti wa mambo mepesi.

Hata hivyo tuna neno na Bale. Kitabu chake kimejengwa juu ya maandishi na picha za Wazungu. Ni sawa, shabaha yake ilikuwa kuonyesha namna Wazungu walivyoona. Lakini msomaji anafunga kitabu akiwa amewajua wapiga picha vizuri sana, na mrukaji bado yuko hewani, kimya. Alifundishwa na nani? Alipata nini kwa kuruka? Aliyeshindwa kupita alichekwa ao aliadhibiwa?

Wakongomani tuna picha yetu kama hiyo. Tarehe 22 Juni 1974, huko Gelsenkirchen, Zaire ikicheza na Brazil, Mwepu Ilunga alitoka kwenye ukuta wa wachezaji akaupiga mbali mpira ambao Wabrazil walikuwa wanajiandaa kuupiga. Dunia ilicheka miaka na miaka: eti Waafrika hawajui sheria. Timu ile ilikuwa imetwaa Kombe la Afrika miezi mitatu tu mbele! Alipokuja kuulizwa, Mwepu alieleza kwamba alijua sheria vizuri, alifanya makusudi, sababu wachezaji hawakulipwa na wakubwa wao wamekaa wanatazama. Swali moja kwa mwenyewe limegeuza kichekesho kuwa mgomo.

Njo maana tunapenda kazi ya Laura Fair juu ya Zanzibar, iliyotoka 2001. Yeye aliketi na wazee, wake kwa waume, wakamsimulia mpira wa miguu, taarabu na mavazi katika mji wa watu waliotoka utumwani. Humo mpira si ubao wa matokeo. Ni fasi ambapo watu wa mtaa walijipatia heshima na kubishana na serikali ya Waingereza. Kama Ng'ambo ya Unguja iliweza kuandikwa hivyo, Bijombo inashindwa na nini?

Kazi ipo ya kutosha. Kwa miaka mingi sasa mashirika yamepanga mechi za amani kati ya vijana wa makabila ya Uvira na milima yake. Ripoti inahesabu waliohudhuria, inaweka picha, basi. Tungependa mwanafunzi mmoja aulize timu ziligawanywaje. Kama ni Banyamulenge upande huu na Bafuliiru ao Banyindu upande ule, goli linaingia kama goli la kabila, hata refa akipuliza vizuri namna gani. Kama zilichanganywa, basi atuambie vijana wale walipitishana mpira kweli, ao kila mmoja alimtafuta wa kwao. Na wasichana walikuwa wapi saa ile? Wengi kisimani. Juu ya mapumziko ya msichana mtu anaweza kuandika memuari nzima: kwa wengi, mazoezi ya kwaya njo saa pekee anayoruhusiwa kutoka nyumbani bila mtungi ao kidumu. Uvira ina kituo cha kuchunguza samaki na maji ya Tanganyika, nasi tunajivunia. Watu wanaocheza kando ya maji hayo nao wanahitaji darubini yao.

Haraka inatokana na jambo moja. Tangu 2018 vijiji vingi vya Bijombo vimechomwa, na wazee waliojua sheria za michezo wametawanyika: Uvira mjini, Bujumbura, Nakivale huko Uganda. Kwa upande wa kisoro, Philip Townshend aliisha kukusanya michezo ya namna hiyo ya Zaire, Rwanda na Burundi katika kazi iliyotoka 1977. Mwenye kuanza leo hafungui njia msituni. Na hahitaji mashine kubwa: kisoro hakidai hata ubao. Mzee aliyekimbia bila kitu anachimba matundu 32 chini, safu nne za nane, anaokota vijiwe 64, anamwita jirani, ambaye pengine ni wa kabila lile lingine. Mtafiti akae karibu, akae muda mrefu, na aandike kwanza wanachobishania.