"Kuboresha" au "Kubadili Toleo"? Uhakiki wa Istilahi Moja ya Kompyuta

Madhumuni ya makala haya ni kuhakiki matumizi ya neno "kuboresha" katika lugha ya kompyuta. Neno hili, pamoja na jina lake "maboresho", limeenea mno katika matangazo ya ofisi na makampuni, hata mwananchi asomapo "kutokana na maboresho ya mfumo" hutambua mara moja kuwa huduma aliyoizoea haitapatikana. Istilahi inayomfikishia msomaji kinyume cha maana yake yastahili kuchunguzwa.

Tuanze na umbo. "Kuboresha" latokana na "bora", na maana yake ni kukifanya kitu kiwe bora kuliko kilivyokuwa. Hilo si jina la tendo tu, bali ni hukumu. "Kusasisha", lililoundwa kutokana na "sasa", halihukumu: lasema kitu kimefanywa kiwe cha wakati huu, basi. Atumiaye "kuboresha" amekwisha toa hukumu kabla ya mtumiaji kukijaribu kitu chenyewe.

Tuchukue mfano wa mwalimu wa Rangwi, katika milima ya Usambara, atayarishaye mitihani na kutunza alama kwa kompyuta yenye Windows 10. Huduma ya kawaida ya programu hiyo ilikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11, iliyotolewa mwaka 2021, yadai chipu ya usalama ambayo mashine nyingi za zamani hazina. Hivyo mashine iliyochapa mitihani vema jana, na kuchapa vilevile leo, yahesabiwa kuwa haifai. Mwalimu akiambiwa "boresha", atadhani kosa ni lake kwa kuchelewa. Akiambiwa "badili toleo", atauliza yapasayo kuulizwa: Kwa gharama gani? Kwa kifurushi gani cha intaneti? Je, faili zangu zitafunguka?

Haifai kudhani kwamba tunatetea ukale. Programu isiyotiwa viraka huwaachia wadukuzi na virusi mlango wazi, na hatari hiyo ni ya kweli. Lakini ndiyo sababu hasa ya kutenganisha maneno. Kuziba tundu la usalama ni jambo moja, na kuletewa sura mpya ya programu ni jambo jingine. Yote mawili yakiitwa "maboresho", aliyechoshwa na la pili hulikataa na la kwanza.

Wilaya ya Lushoto inayo kumbukumbu ya mambo ya namna hii. Mwaka 1946 serikali ya kikoloni ilianzisha katika bonde la Mlalo mpango wa kuhifadhi udongo, ambao baadaye ulipanuliwa Usambara. Mmomonyoko ulikuwapo kweli. Lakini wakulima walilazimishwa kuchimba matuta kwenye miteremko, kazi nzito ambayo wengi hawakuona faida yake. Walipinga, na mpango ukaachwa mwishoni mwa miaka ya 1950. Haja ya kweli haikutosha kuuhalalisha mpango ambao watumiaji wake hawakuulizwa.

Tuitazame pia hali ya kinyume. Ikiwa kwenda toleo jipya ni "kuboresha", arudiaye toleo la zamani lililomfaa atasemwa amefanya nini? Lugha haitamwachia ila neno la aibu, kama "kudunisha". Kumbe amerejea tu kwenye chombo kinachofanya kazi.

Kwa hiyo twapendekeza haya. "Kutia kiraka" litumike kwa kuziba kasoro. "Kusasisha" litumike kwa marekebisho ndani ya toleo lilelile. "Kubadili toleo" litumike kwa kutoka toleo moja hadi jingine, na kinyume chake kiwe "kurejea toleo la awali". Huenda ikasemwa kwamba istilahi ya maneno mawili ni ndefu. Ni kweli, lakini ufupi ni sifa mojawapo tu ya istilahi, na hauwezi kuutangulia ukweli.

"Kuboresha" lisifutwe. Liachiwe mtumiaji, alitamke baada ya kuijaribu kazi. Wahenga walikwisha onya kwamba kipya kinyemi, ingawa kidonda. Mfasiri asiwe wa kwanza kukificha kidonda hicho kwa jina zuri.