Makamu Gani?

Marais wetu tunawataja haraka: Kasa-Vubu, Mobutu, Mzee Kabila, mwanae Joseph, Tshisekedi. Lakini uliza nani anashika kiti rais akifariki leo, wengi watajibu, "Makamu wake." Makamu gani? Tulikuwa nao wanne kwa mpigo, 2003 hadi 2006: Bemba, Ruberwa, Yerodia na Z'ahidi Ngoma. Ile 1+4 iligawa vyeo ili bunduki zinyamaze, haikuandaa mrithi. Katiba ya 2006 haina makamu. Kiti kikibaki wazi, rais wa Seneti anakikalia kwa muda, kisha raia wanapiga kura. Afadhali hivyo kuliko 2001, mtoto alipomrithi baba ndani ya siku kumi.

Kwenye karatasi ni vizuri. Ila Desemba 2023 Walikale walipiga kura, sisi wa Masisi hapana, juu ya vita. Tena si ya rais tu, hata ya wabunge wa mkoa, na kumbe hao ndio wanaochagua maseneta! Basi yule wa muda hatukumtuma, na yule wa kudumu hatukumchagua. Kinshasa wanabishana kama Katiba ibadilishwe. Huku kwetu kadi ya mpigakura tunaionyesha kwenye vizuizi vya barabarani, kama kitambulisho.