Giza na Vichwa: Sitiari ya Kitisho katika Riwaya ya Conrad

Tangu Horace Walpole alipochapisha The Castle of Otranto mwaka 1764, riwaya za kutisha za Ulaya zilizoea kuiweka hofu ndani ya ngome kongwe. Joseph Conrad, katika Heart of Darkness (1899), aliihamishia hofu hiyo mtoni Kongo. Kituo cha Kurtz hakitajwi jina, ila wahakiki wengi hukitambua kuwa ni Maporomoko ya Stanley, yaani Kisangani, ambako mwandishi alifika kwa stima Septemba 1890.

Sitiari kuu ya riwaya hiyo ni giza. Mto ni nyoka; msitu una uso unaotazama na kunyamaza. Msomaji wa Kiswahili huipokea upesi, kwa kuwa lugha yake nayo hulifananisha giza na ujinga. Hapo ndipo penye kasoro. Giza likishakuwa nchi, kitisho huonekana kuota ardhini kama nyasi, na mkosaji hapatikani. Mvuvi Mgenia asimamaye maporomokoni na mtego wake hubaki kivuli tu. Chinua Achebe aliulaumu mtazamo huo mwaka 1975, tena kwa haki.

Lakini riwaya hiyohiyo ina sehemu inayofanya kinyume. Akiwa mbali, msimulizi Marlow aliona nguzo chache kando ya nyumba ya Kurtz, zenye mapambo ya mviringo juu yake. Anapotazama kwa darubini, mapambo hayo ni vichwa vya watu vilivyokauka, vyote vikielekea nyumbani isipokuwa kimoja. Hapa sitiari haikipambi kitisho. Inavuliwa kama nguo, na msomaji hana budi kumtafuta aliyevikata. Wala si ndoto ya mtunzi. Mwaka 1897 jarida la Century lilichapisha shajara ya E. J. Glave: Kapteni Rom, ofisa wa Dola Huru ya Kongo katika Maporomoko ya Stanley, alikizungushia kitalu chake cha maua vichwa 21.

Mfasiri wa Kiswahili ana mtihani hapa. Neno kichwa tayari hubeba sitiari, kama katika kichwa cha msumari. Akiandika mapema "vichwa vya nguzo", amekwisha kuifichua siri kabla ya darubini kuinuliwa. Afadhali aandike "vifundo" kwanza, na neno vichwa alihifadhi mpaka Marlow mwenyewe atakapoviona.