Wimbo wa Bure na Bakuli la Mchango

Wahenga walisema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Methali hii tumeikariri tangu shule ya msingi, lakini hakuna mwalimu aliyetuuliza swali lililobaki: kitu kibovu kikitolewa kwa moyo mzuri, tukiiteje? Swali hilo nalileta leo kwenye muziki, maana huko ndiko liliponikwaza.

Naanza na kisa. Miaka kadhaa iliyopita mshikaji wangu mmoja, mwimbaji wa kundi la mtaani kwetu, mtoto wake alitakiwa kufanyiwa upasuaji. Hela hakuna. Wenzake wakakata shauri: turekodi wimbo, tuugawe bure kwenye simu za watu, mwishoni tutaje namba ya kutuma mchango. Studio wakapewa usiku mmoja. Nilikuwepo. Beti la pili lilikuwa halijamalizika kuandikwa na maikrofoni tayari imewashwa. Kiitikio kilikuwa neno moja tu, likirudiwa mpaka sikio linachoka. Alfajiri wakaniuliza mimi, “mhakiki” wao: unauonaje? Nikajibu, “Umetulia, bwana.” Nilidanganya. Nilijiambia kwamba wimbo wa msaada haukosolewi, sawa na chakula cha msibani.

Wimbo ulizunguka siku tatu ukafa. Gharama za upasuaji zililipwa na mashangazi na kikoba cha bibi wa mtoto. Mtoto akapona, Mungu ashukuriwe. Wimbo haukupona.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikichunguza nyimbo za aina hii. Mfano unaojulikana kuliko yote si wa bure na si wa wanyonge. Novemba 1984, Bob Geldof na Midge Ure waliwakusanya mastaa wa Uingereza wakarekodi “Do They Know It's Christmas?” kwa ajili ya wenye njaa wa Ethiopia. Ulinunuliwa kwa mamilioni na fedha zilikuwa za kweli. Lakini tukiuweka kwenye mizani ya fani na maudhui, kuna tatizo. Jina lenyewe linauliza kama watu wale wanajua kwamba ni Krismasi, na wanaoulizwa ni watu wa nchi iliyopokea Ukristo tangu karne ya 4! Mwenye njaa ndani ya wimbo ule hana jina, hana historia, hana hata kalenda. Mwaka 2014, uliporekodiwa upya kwa ajili ya Ebola, msanii Fuse ODG, Mwingereza mwenye asili ya Ghana, alialikwa akakataa, akisema unaichora Afrika vibaya. Kuna waliomwona hana huruma. Mimi naona alifanya kazi ya mhakiki iliyonishinda mimi alfajiri ile: alikataa nia njema itumike kufunika maneno mabaya.

Sasa tuwatazame wasio na kampuni kubwa nyuma yao. Miaka ya 1980 kule Brooklyn, New York, vijana wawili wanaojiita They Might Be Giants walirekodi nyimbo kwenye mashine ya kupokelea simu. Mtu akipiga namba yao alisikia wimbo, akalipia simu yake ya kawaida basi. Mwaka 2005 Jonathan Coulton aliacha kazi ya kuandika programu za kompyuta, akajipa sharti la kutoa wimbo mmoja kila wiki kwa mwaka mzima, na akaruhusu watu wanakili na kusambaza bila woga. Kwa hawa, bure ilikuwa mlango wa kujuana na msikilizaji. Hawakuwa wakigawa mabaki.

Katikati ya 2012 hao wote wawili wakakutana kwenye kifurushi kimoja, Humble Music Bundle. Waandalizi wake walianza mwaka 2010 na michezo ya kompyuta ya watengenezaji wanaojitegemea, na utaratibu wao ulikuwa hivi: mnunuzi anapanga bei mwenyewe, hata iwe ndogo kiasi gani, kisha anaigawa anavyotaka kati ya wasanii, shirika la hisani, na waandalizi. Unataka yote yaende kwenye hisani? Sawa. Unataka msanii ale nusu? Sawa pia. Na ukilipa zaidi ya wastani wa wenzako, unaongezewa albamu nyingine; mwaka ule ilikuwa ya OK Go, kundi lililoachana na kampuni kubwa ya EMI mwaka 2010 likaanzisha lebo yake.

Ujanja uko kwenye huo wastani. Unaonyeshwa wazi, na wewe unajiona uko wapi. Sisi hatuna haja ya kufundishwa jambo hili. Kwenye taarab, mtu anapoinuka kwenda kumtunza mwimbaji, hela inapita mbele ya macho ya ukumbi mzima. Kwenye kamati ya harusi, daftari la ahadi linasomwa kwa sauti. Haya na fahari zimekuwa injini ya mchango kwetu kabla kompyuta haijafika. Ila kuna tofauti moja. Kwenye taarab anayetunzwa ndiye anayeimba. Kwenye nyimbo zetu za msaada, mwimbaji ndiye wa mwisho kufikiriwa, kana kwamba hali wala halipi kodi ya chumba. Kifurushi kile kilimuuliza mtoaji waziwazi: na huyu aliyekuimbia, umemwachia kiasi gani? Swali hilo ni la heshima. Hata hivyo tusiwageuze malaika. Mwaka 2021 waandalizi hao hao walitangaza kubana uhuru wa kugawa, na wateja wao wakalalamika sana. Utaratibu wa hisani nao ni biashara, unahitaji kuangaliwa.

Kilichonifanya nikae chini niandike ni kwamba ndani ya kifurushi kile mlikuwa na wimbo wa Kiswahili. Naam! Christopher Tin, mtunzi wa Marekani, alikuwa na albamu yake Calling All Dawns, aliyoitoa mwenyewe mwaka 2009, nyimbo 12 katika lugha 12. Wa kwanza ni “Baba Yetu”, sala ya Bwana kwa Kiswahili, aliyoitunga kwanza kwa ajili ya mchezo wa kompyuta Civilization IV wa mwaka 2005. Kwenye albamu wameuimba Soweto Gospel Choir. Mwaka 2011 ulipata tuzo ya Grammy, wa kwanza kutoka kwenye mchezo wa kompyuta.

Nimeusikiliza kama mhakiki, si kama Mswahili anayefurahi kusikia lugha yake ugenini. Fani yake ni ya kuita na kuitikia: sauti moja inatangulia, kwaya inapokea, ngoma zinaingia, na okestra inabeba wote juu. Umbo hilo tunalijua tangu ngomani hadi kanisani. Kasoro zipo. Sikio la mtu wa pwani litatambua haraka kwamba waimbaji si wenyeji wa lugha, na kuna mahali Kiswahili kimewekwa kama kitambaa cha kupendezesha mchezo wa kujenga madola. Lakini maudhui yamesimama. Sala ile inaomba chakula cha leo, na haimpi msikilizaji picha ya mtoto mwenye mbavu nje ili atoe. Anayeomba na anayesikiliza wanasimama mstari mmoja, wote wana njaa, wote wana makosa. Ndiyo maana wimbo ulifaa kwenye kifurushi cha hisani bila kutungwa kwa ajili hiyo. Ungeutoa kwenye kifurushi bado ungebaki wimbo.

Hapo ndipo kipimo changu kilipo. Wimbo wa bure unaoomba mchango uulizwe kwanza: ukiondoa namba ya kutumia pesa pale mwishoni, kinabaki nini? Kikibaki kitu, watu watausambaza, na kila unapopita unaomba tena. Kisipobaki kitu, tumegawa tangazo na kuliita sanaa, na mtu halisikilizi tangazo mara mbili.

Najua jibu la vijana wenzangu: “Wee, mtoto yuko kitandani, wewe unazungumzia vina na mizani?” Ndiyo, nazungumzia hivyo hivyo, kwa sababu mtoto yuko kitandani. Ukiwa na usiku mmoja tu, basi toa wimbo bora ulionao tayari, ule uliokuwa ukiuficha ukingoja siku ya kutajirika. Huo ndio utoaji, maana unauma. Kugawa kisichouzika hakuumi. Na michango ikifika, semeni imefika kiasi gani na imekwenda wapi. Msikilizaji aliyetoa shilingi 500 ana haki hiyo sawa na aliyetoa 50,000.

Wiki mbili zilizopita mshikaji wangu amenitumia wimbo mwingine. Safari hii wanachangia majirani waliobomolewa nyumba na mvua, na wanataka kuugawa bure kama ule. Nimeusikiliza mara nne. Nikamwandikia: beti la kwanza ni zuri kuliko chochote mlichowahi kuimba, la pili ni hotuba, kiitikio kimekopwa. Andikeni upya, nitakuja kukesha nanyi.

Hajajibu hadi ninapoandika haya. Nasikia amenuna. Na anune; mimi studio nitakwenda.