"Sisi" ya lawama na "sisi" ya nasaha: juu ya kijitabu cha Callen na Berkowitz

Nasaha ya mapenzi ni kongwe katika fasihi ya Kiswahili. Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa mwaka 1858, ni wasia wa mama mgonjwa kwa binti yake, na nguvu yake imo katika uhusiano huo: mama anajua, binti asikilize. Lakini mwanamume ampendaye mwanamume mwenziwe atapewa wasia na nani? Hana somo wala kungwi wa kumweka kitako. Wazazi wake, aghalabu, ndio awafichao. Kwa sababu hiyo kinatuhusu kijitabu cha kurasa 40 hivi kilichotoka New York mwaka 1983, How to Have Sex in an Epidemic: One Approach, yaani jinsi ya kujamiiana wakati wa maradhi yaeneayo, njia mojawapo. Waandishi, Michael Callen na Richard Berkowitz, wote wawili walipenda wanaume na wote walikuwa wagonjwa. Daktari wao, Joseph Sonnabend, ndiye aliyewashauri.

Ili kuielewa fani yake, hatuna budi kurudi nyuma miezi michache. Novemba 1982, katika gazeti la New York Native, walikuwa wamechapisha makala iliyodai kwamba wingi wa wapenzi ndio ulioleta maradhi. Kichwa chake kilianza na "sisi": tunajijua tulivyo. Wasomaji wengi walikasirika, kwani "sisi" hiyo iliwatia hatiani bila kuwauliza. Kiswahili, sawa na Kiingereza, hakina viambishi viwili vya nafsi ya kwanza wingi, kimoja cha kumjumuisha msikilizaji na kingine cha kumtenga. Msikilizaji mwenyewe huamua kama yumo. Safari ile wengi walijitoa.

Mwaka 1983 waandishi wale wale hawaulizi tena wapenzi ni wangapi, bali ni tendo lipi lipitishalo ugonjwa. Wanachukua tendo moja moja, wanaeleza hatari yake, wanapendekeza mpira unapohitajika. Hawamwamuru msomaji aache mapenzi. "Sisi" imekuwa ya watu watakao kuishi na kupendana, na yale maneno "njia mojawapo" ni adabu ya mshauri asiyejifanya mzee wa ukoo.

Kitabibu, nadharia yao haikusimama. Walifuata wazo la Sonnabend kwamba sida ilitokana na maambukizo mengi yaliyorudiwarudiwa. Mei mwaka huo huo watafiti wa Institut Pasteur, Paris, walitangaza kirusi kipya ambacho baadaye kilithibitika kuwa ndicho chanzo. Shauri la mpira, hata hivyo, limebaki sahihi hadi leo. Si jambo la kawaida sababu kuanguka na nasaha ikabaki imesimama.

Sehemu ituvutayo zaidi ni ile ya upendo, iliyo karibu na mwisho. Humo wanashikilia kwamba ampendaye mwenziwe, hata kwa usiku mmoja, hatataka kumwambukiza. Kinga inahamishwa kutoka hofu ya mtu kwa nafsi yake hadi kumjali mwenziwe, na hapo kijitabu kinaacha kuwa cha zahanati tu. Kwa bahati mbaya sehemu yenyewe ni fupi mno. Atakaye kujua namna ya kumwendea mwenziwe kwa heshima, kugombana na kupatana, kuishi nyumba moja miaka kumi, hapati kitu. Tena msomaji adhaniwaye ni wa mji mkubwa wenye mabaa na mahamamu. Aliye peke yake kijijini hakufikiriwa.

Tukijaribu kukitia katika Kiswahili, tunakwama kwenye jina la hadhira. "Msenge" na "basha" ni matusi, na ubaya zaidi, yanawagawa watu wawili kuwa mtendwa na mtenda. "Shoga", neno la mwanamke kwa rafikiye wa kike, limegeuzwa dhihaka. Kijitabu kinasema na wawili walio sawa, kila mmoja na dhamana juu ya mwenziwe; kwa maneno yale dhamana humwangukia mmoja, na mwingine huenda zake. Sisi tungependekeza "wapenzi" tu, na kuiachia kazi iliyobaki kauli ya kutendana: kupendana, kuulizana, kulindana. Katika kauli hiyo kila mmoja ni mtenda na mtendwa kwa wakati mmoja.