Ramani ya Kale na Mahame ya Babu

Ramani ni maandishi, na maandishi hayana budi kuhakikiwa kabla ya kuaminiwa. Nimewaona wanachuo wangu, katika vilima vya Mbooni, wakiitandaza ramani ya kale juu ya picha ya setilaiti katika simu ili wapate kiwanja cha nyumba ya babu wa mmoja wao. Nukta nyeusi iliwapeleka ng'ambo ya bonde, katikati ya shamba la mtu mwingine. Mwenye shamba hakufurahi. Alijua kwamba aonyeshaye mahame ya babu yake leo huenda akadai udongo wake kesho.

Kosa halikuwa la mchoraji, wala la setilaiti. Ramani za Kenya za kipimo cha 1:50,000, zilizochorwa kwa picha za ndege, zilijengwa juu ya msingi wa vipimo uitwao Arc 1960, ambao hufuata umbo la dunia kama alivyolikadiria Clarke mwaka 1880. GPS hufuata msingi mwingine, WGS84. Mtu akizisoma tarakimu za ramani hiyo na kuzitia katika simu bila kuzigeuza, hupelekwa kadiri ya mita 300 mbali na mahali pa kweli, zaidi upande wa kaskazini. Katika nchi tambarare huo ni mwendo wa dakika chache. Mbooni ni bonde zima, na pengine ni ukoo mwingine.

Si kila ramani ya kale yastahili kazi hii. Ile ya Erhardt na Rebmann ya mwaka 1856, iliyotungwa kwa habari za wasafiri wa bara, ilichora ziwa moja kubwa mno mahali penye maziwa mbalimbali. Hiyo yafaa kusomwa kama masimulizi, na ni masimulizi mazuri. Kuitafutia nyumba ni kujichosha.

Hata ramani iliyopimwa vema ina kimya chake. Milimeta moja ya karatasi ni mita 50 za ardhi, basi nukta yenyewe huweza kufunika boma zima. Haisemi mwenye nyumba ni nani. Haionyeshi thome, pale nje ya boma wazee wa Kikamba walipoketi kuamua mashauri, wala haijui kwamba matuta ya fanya juu yamekwisha kuyatawanya mafiga. Kwa hiyo mimi huiweka chini ya ushahidi wa macho: mnyaa uliosalia wa ua, vigae, jiwe la kusagia. Na ushahidi huo nao hauthibitishi milki ya mtu. Mahame ni habari ya makazi, si hati ya shamba. Jambo hili tulilazimika kumweleza mwenye shamba kabla hajatupa ruhusa ya kupita.

Siku ile bibi mmoja mkongwe alituvusha tena bonde kuelekea kusini, akatusimamisha penye mnyaa mmoja na jiwe la kusagia lililovunjika. Tulipokwisha kuigeuza misingi ya vipimo, nukta ilituama hatua thelathini hivi kutoka kwenye jiwe. Bibi aliitazama simu, akauliza ni nani aliyeiambia.